Thelma Ritter: kateuliwa Oscar mara 6, kakosa mara 6. Nianzie wapi kumsoma?

Pazia_Nusu

Wakuu, habari za jioni. Namzungumzia Thelma Ritter, yule mama mwenye sauti ya mchanga na lafudhi ya Brooklyn anayetokea kwenye filamu za Hollywood za miaka ya 1950 kama nesi, mtumishi wa ndani, mpishi au mama mkwe. Ukiona jina lake kwenye orodha, huwa la nne au la tano. Filamu ikiisha, yeye ndiye unayemkumbuka.

Maswali yangu:

Kwanza, inakuwaje mtu anateuliwa mara sita na kila mara anarudi nyumbani mikono mitupu? Pili, nikitaka kumsoma kama mwigizaji, si kustarehe tu, nitazame zipi, kwa mpangilio gani, na macho niyaweke wapi? Tatu, mwaka wake wa kuzaliwa ni 1902 au 1905? Naona yote mawili. Nne, na hili ndilo kubwa: waigizaji wakijaribu nafasi za namna yake jukwaani, mara nyingi inageuka kelele na mashauzi. Inaharibikia wapi?

---

Mzee_wa_Gombo

Nianze na tarehe, maana zikikosewa na mengine yote yanapinda.

Alizaliwa Brooklyn tarehe 14 Februari 1902. Hiyo 1905 imo kwenye vitabu vingi vya zamani na bado inanakiliwa, achana nayo. Alifariki New York tarehe 5 Februari 1969, siku chache kabla ya kutimiza miaka 67.

Alisomea American Academy of Dramatic Arts, New York, kisha akazunguka na makampuni ya maonyesho ya mikoani. Hapa usipite haraka, maana ndiyo karakana iliyomchonga. Katika makampuni yale kundi moja la waigizaji lilibadilisha mchezo karibu kila wiki: usiku unacheza huu, mchana unafanya mazoezi ya ule wa wiki ijayo. Muda wa kutafuta mhusika taratibu haupo. Unajifunza kumshika kwa kitu kimoja au viwili, labda namna ya kuketi au kitu anachokishika mkononi, halafu unatoka nje kucheza. Na binti asiye na sura ya mwanamwali wa hadithi hupewa wamama na watumishi tangu ana miaka ishirini na kitu. Kwa hiyo alipofika kwenye kamera, "mama wa makamo" alikuwa ameshamcheza kwa miaka mingi.

Mwaka 1927 aliolewa na Joseph Moran, naye mwigizaji, ambaye baadaye alihamia kwenye kazi ya matangazo ya biashara. Wakapata watoto wawili, na Ritter akaweka kazi kando kwa kipindi kirefu kuwalea. Miaka ya 1940 alirudi kupitia redio. Kwenye redio huna uso wala mikono, mzigo wote unabebwa na sauti. Ukimsikiliza kwenye filamu utagundua hamezi neno hata akiongea kwa kasi na mgongo umegeukia kamera. Hiyo ni redio.

Filamu ya kwanza ni Miracle on 34th Street, 1947, akiwa na miaka 45. Anacheza mama aliyechoka kutafuta gari la zimamoto la kuchezea, na mzee wa Krismasi wa duka la Macy's anamwelekeza kwenye duka la washindani. Jina lake halimo kabisa kwenye orodha ya waigizaji. Lakini Darryl Zanuck, bosi wa studio ya Fox, alimwona, na milango ikafunguka.

---

Taa_ya_Pembeni

Nijibu la pili. Mpangilio wangu haufuati miaka, unafuata ugumu wa kile unachotafuta.

Anza na Rear Window (1954) ya Hitchcock. Ritter ni Stella, nesi anayetumwa na kampuni ya bima kumhudumia James Stewart aliyevunjika mguu. Chukua ile sehemu yake ya kwanza tu, anapoingia asubuhi. Itazame mara tatu. Mara ya kwanza kawaida. Mara ya pili zima sauti kabisa na uandike kwenye karatasi kila kazi anayofanya kwa mikono. Mara ya tatu washa sauti, na mbele ya kila kazi uandike anasema nini wakati huohuo.

Utakachokipata: anamtia kipimajoto mdomoni, na hapo Stewart hawezi kujibu, ndipo yeye anamwaga mahubiri yake. Anamhamisha kutoka kwenye kiti cha magurudumu, anamlaza kifudifudi, anamsugua mgongo kwa mafuta ya baridi, mgonjwa anashtuka, na mazungumzo ya ndoa yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Maneno yale ni mengi na yana ushauri ndani yake, na ushauri kwenye filamu huchosha upesi. Angeyasema amesimama katikati ya chumba, mtazamaji angepiga miayo. Kwa kuwa ana kazi ya kumaliza, yanasikika kama porojo za mtu aliye kazini, nasi tunayameza bila kuhisi tunahubiriwa.

Jambo la kuongezea: kwenye hadithi fupi ya Cornell Woolrich iliyozaa filamu hii, Stella hayumo. Yumo mtumishi wa kiume anayeitwa Sam. Nesi aliletwa na mwandishi wa filamu, John Michael Hayes, na si kwa kupamba. Mtu aliyefungwa plasta anahitaji mtu wa kumwambia kwa sauti yale ambayo watazamaji wanayawaza: kwamba kuchungulia majirani ni tabia mbaya. Na baadaye huyohuyo mkemeaji ananogewa kuliko wote. Tazama pale anapoleta kifungua kinywa na kuanza kukisia jirani anayeshukiwa kuua alimkatia mkewe wapi, huku Stewart na nyama yake kwenye uma vinagoma kukutana. Anaongea kama fundi anayejadili bomba lililoziba. Hakuna hata mstari mmoja anaoutamka kama kichekesho.

Ya pili iwe All About Eve (1950). Joseph Mankiewicz alikuwa ameshamtumia katika A Letter to Three Wives (1949), tena bila jina kuandikwa, kisha akamwandikia Birdie, mvalishaji wa Margo, nyota wa jukwaa anayechezwa na Bette Davis. Birdie zamani alikuwa msanii wa vodevili, yaani maonyesho ya vichekesho na nyimbo. Hapa usitazame mikono, tazama utulivu. Eve, binti anayejipenyeza kwenye maisha ya nyota huyo, anasimulia maisha yake ya huzuni kwenye chumba cha kuvalia, kila mtu amelainika. Birdie kasimama tu. Hakunji uso, hapepesi macho, hatoi ishara yoyote kwa watazamaji kwamba "mimi nimeshamgundua huyu". Hadithi ikiisha anatoa sentensi moja kavu, anakemewa na Davis, anaomba radhi. Sumu inabaki ndani yako wewe, kidogo kidogo. Baadaye kuna mazungumzo ya wao wawili, Davis kitandani, Birdie akimwambia kwamba Eve anamsoma kama mtu anayesoma mchezo au kitabu. Pale tena sauti haipandi.

Kisha Birdie anapotea. Ukifika nusu ya pili ya filamu hayupo, na hakuna anayeeleza kaenda wapi. Wengi huiita kasoro. Mimi naona ni ufundi wa mwandishi: kazi ya Birdie ni kujua mapema, na Davis akishajua mwenyewe, Birdie hana la kufanya. The Misfits (1961) hali ni hiyohiyo: Isabelle, mwenye nyumba wa Reno aliyefungwa mkono kwa kitambaa, anakutana na mumewe wa zamani na mke mpya, anaondoka nao, filamu inaendelea kuwa nzito bila yeye. Mwigizaji wa nafasi hizi lazima akubali kwamba hatapewa kuaga.

Ya tatu, Pickup on South Street (1953) ya Samuel Fuller. Dakika 80 tu. Hii usiitazame ya kwanza, kwa sababu itakuharibia nyingine zote.

Ritter ni Moe, mpasha habari wa polisi anayeuza tai za shingoni mitaani. Anajadiliana bei ya siri za watu kama mtu anayeuza nyanya, na anaweza kumtambua mchomoaji wa mifukoni kwa kuelezwa tu alivyochomoa. Anaweka akiba ya kununua kaburi lake mwenyewe Long Island asije akatupwa kwenye makaburi ya maskini wa jiji. Mwanzoni jambo hilo la kaburi ni la kuchekesha. Fuller analirudia mara kadhaa kwa makusudi ili ulizoee.

Sasa ule usiku anaporudi chumbani. Amechoka, na uchovu wenyewe umo kwenye mabega na kwenye pumzi kabla haujafika usoni. Anaweka santuri. Muuaji yumo ndani anamsubiri. Sehemu hii mwigizaji dhaifu angeipandisha: kilio, mikono kifuani, kuomba aachwe hai. Ritter anaishusha. Anaongea kuhusu uchovu kwa sauti ileile aliyotumia kuuzia tai, bila kumwomba muuaji chochote isipokuwa kwamba amalize. Kamera inamwacha, inageukia santuri, nasi tunasikia mlio tu. Sikiliza kasi yake ya kuongea hapa, kisha rudi mwanzoni uisikilize ofisini kwa polisi. Mtu ni yuleyule, maneno ni ya aina ileile. Kilichopungua ni mwendo peke yake.

Zikibaki nguvu, malizia na Birdman of Alcatraz (1962), ambako hakuna kicheko hata kimoja. Anamcheza mama wa Burt Lancaster, mama anayempenda mwanawe mpaka anamgeuka pale mtoto anapooa. Ritter alimzidi Lancaster miaka isiyofika 12, na huwezi kuhisi.

---

Kura_na_Karatasi

Suala la Oscar, mara zote sita kundi la mwigizaji msaidizi wa kike. Watu husema "alionewa" na kuishia hapo. Ukiweka miaka sita kwenye meza, mchoro unajitokeza wenyewe.

1950, All About Eve: alishinda Josephine Hull kwa Harvey. Zaidi ya hapo, Ritter alikuwa kundi moja na Celeste Holm, wa filamu hiyohiyo.
1951, The Mating Season: Kim Hunter, A Streetcar Named Desire.
1952, With a Song in My Heart: Gloria Grahame, The Bad and the Beautiful.
1953, Pickup on South Street: Donna Reed, From Here to Eternity.
1959, Pillow Talk: Shelley Winters, The Diary of Anne Frank.
1962, Birdman of Alcatraz: Patty Duke, The Miracle Worker.

Tazama 1950, 1951 na 1962. Hull, Hunter na Duke wote walishinda kwa nafasi ambazo walikuwa wameshazicheza Broadway, majukwaa makubwa ya New York, na wao ndio waliozianzisha pale. Yaani mwigizaji aliyemjenga mhusika kwa mamia ya maonyesho mbele ya watu dhidi ya mwigizaji aliyepewa karatasi wiki chache kabla ya kamera kuwashwa. Huo ni mlima.

Mwaka 1953 From Here to Eternity ilizoa tuzo 8. Filamu ikiwa na upepo namna hiyo hubeba na wasaidizi wake. Pickup ilikuwa filamu ndogo ya uhalifu, haikuteuliwa kwa kingine chochote. Kwa maoni yangu huo ndio mwaka pekee wa kulalamikia kwa haki.

Wala usidanganyike kwamba tatizo ni udogo wa nafasi. Grahame alishinda akiwa kwenye skrini kwa muda usiofika dakika 10. Tatizo ni aina ya nafasi. Wapiga kura hupenda mhusika msaidizi anayevunjika mbele ya macho yao: anayelia, anayeuawa, anayebadilika. Wahusika wa Ritter kwa kawaida hawabadiliki. Wanaingia wakiwa na akili timamu na wanatoka nayo, wengine ndio wanaobadilika. Nafasi ya namna hiyo huishikilia filamu nzima, ila haina ile sehemu moja ya kukata na kuonyesha usiku wa tuzo. Pickup ilikuwa nayo, na ndiyo sababu inauma.

Idadi yake ya uteuzi sita katika kundi la mwigizaji msaidizi wa kike haijapitwa mpaka leo. Kwa hiyo ndiye aliyeheshimiwa zaidi katika kundi hilo na hakupewa hata moja. Hakuwahi kushinda tuzo kubwa yoyote maishani mwake.

---

Fundi_Jukwaa

Mkuu Kura_na_Karatasi, hilo la mwisho lirekebishe. Alishinda Tony, tuzo kuu ya michezo ya Broadway, mwaka 1958, tena si ya msaidizi: ya mwigizaji bora wa kike katika tamthilia ya muziki. New Girl in Town ilifunguliwa 46th Street Theatre Mei 1957 na ikaenda maonyesho 431. Tuzo ilikuwa sare, yeye na Gwen Verdon, wote wawili wa onyesho hilohilo. Yeye alikuwa Marthy, mlevi wa bandarini. Onyesho lilitokana na Anna Christie ya Eugene O'Neill, na katika mchezo wa O'Neill Marthy yumo tendo la kwanza tu, kisha haonekani. George Abbott, aliyeandika na kuongoza, alimrefusha akampa nafasi mpaka mbele. Kwa hiyo mara moja katika maisha yake mhusika wa kupotea katikati hakupotea, na tuzo ikaja. Sisemi zaidi.

Sasa swali la nne, maana ndilo lenye kazi.

Inapoharibika, mara nyingi ni sehemu hizi, na zote zina sababu.

Mikono mitupu. Mwigizaji anakariri maneno makali vizuri, anasimama, anayasema. Kwa kuwa mikono haina kazi, inaanza kupunga, kiuno kinashikwa, kidole kinanyooshwa, na hapo ndipo mashauzi yanapoanzia. Dawa yake: kabla ya kukariri neno moja, mpe mhusika kazi moja yenye mwanzo na mwisho. Kukunja shuka sita. Kumenya viazi vinne. Iwe kazi ya kweli yenye vifaa vya kweli, na kanuni iwe kwamba kazi lazima iishe kabla ya kutoka. Rudia kazi bila maneno mpaka mikono iifanye bila kufikiri, mara kumi si nyingi. Ndipo uyaweke maneno juu yake. Ukiona kazi inasimama kila sentensi kali inapofika, bado haijakomaa, rudi nyuma.

Kuuza kichekesho. Hili ni lile jicho linaloruka kwa watazamaji mara tu sentensi inapotoka. Watu wakishaona unajua unachekesha, wanacheka mara moja, ya pili wanachoka. Neno kali limwelekee mtu mmoja jukwaani, au liielekee kazi iliyo mkononi. Ritter mara nyingi analitupia shuka.

Kusubiri kicheko. Hapa jukwaa na filamu vinatofautiana na ndipo wanaotoka upande mmoja huumia upande wa pili. Jukwaani unasubiri kicheko kipande, kifike kileleni, kianze kushuka, ndipo unaongea. Ukisubiri kife kabisa onyesho linapoa, ukiwahi maneno yako yanamezwa. Kwenye filamu hakuna wa kumsubiri. Ukiacha kimya, mwenye kutazama peke yake anaona shimo. Usipoacha, ukumbi uliojaa unapoteza mstari unaofuata. Njia ya wakongwe ni kuliziba pengo hilo kwa tendo dogo: kufunga chupa, kufuta mikono, kuchukua mto. Ukumbi ukicheka, hakuna neno lililopotea. Usipocheka, hakuna pengo. Ukimtazama Ritter kwa jicho hilo utaona kwamba baada ya sentensi zake kali karibu kila mara kuna kitu kinachofungwa, kinachowekwa au kinachobebwa.

Kuiga lafudhi. Sauti ile ilikuwa ya kwao, alizaliwa nayo. Ukiikopa unapata katuni. Tumia sauti ya mtaa unaoujua wewe.

Na kosa la mwisho, ambalo wakongwe wenyewe hulifanya: kumdharau mhusika mkuu. Mtumishi anayemkejeli bosi wake kila dakika anageuka mtu mwenye kinyongo, na watazamaji huanza kujiuliza kwa nini hafukuzwi. Katika All About Eve ukali wa Birdie unavumilika kwa sababu kila anapomkaripia Davis anakuwa anamfungua kitu, anamvika kitu au anamtandikia. Punguza huduma, ukali uleule utasikika kama chuki.

---

Pazia_Nusu

Wazee wangu, nashukuru mno. Mawili ya mwisho. The Mating Season haikutajwa kwenye mpangilio, ya kuacha? Na je, kuna nafasi aliyoijenga yeye ikachukuliwa na mwingine?

---

Taa_ya_Pembeni

Usiiache, ila itazame ukishazoea. Mama mwenye kibanda cha kuuza hambaga anafilisika, anakwenda kwa mwanawe aliyeoa kwenye familia ya juu, mkwe hamjui na anadhani ni mpishi aliyeagizwa, na mama anaamua kunyamaza na kuvaa aproni. Ukihesabu, hadithi yote iko juu yake. Majina makubwa ni Gene Tierney na John Lund, lakini ondoa Ritter uone kama kuna filamu. Aliteuliwa kama msaidizi kwa nafasi ambayo kwa haki ni kuu. Kwa mwanafunzi ina faida moja kubwa: anacheza mtu anayeigiza. Tazama tofauti ya mgongo wake akiwa "mpishi" mbele ya mkwe na akiwa mama, mlango wa jikoni ukishafungwa.

---

Fundi_Jukwaa

Ipo, na ina kejeli yake. The Catered Affair ya Paddy Chayefsky ilirushwa kwanza kwenye televisheni mwaka 1955, Ritter akiwa yule mama anayeng'ang'ania kumfanyia binti yake harusi wasiyoimudu. Mwaka 1956 ikatengenezwa filamu na nafasi ya mama akapewa jina kubwa zaidi: Bette Davis. Safari hii Margo ndiye aliyevaa nguo za Birdie.

Na kama unaandaa kipindi cha kutazama pamoja, kumbuka kwamba tarehe 30 Machi 1955 Ritter aliongoza sherehe za Oscar upande wa New York, Bob Hope akiwa Hollywood. Alikuwa ameshakosa mara nne.

---

Kura_na_Karatasi

Fundi, nimekubali kuhusu Tony. Nimefuta hiyo sentensi kwenye kumbukumbu zangu, huku naiacha ili jibu lako lieleweke.